Firigisi ya Mkwe

Dastan aliinyakua firigisi kutoka kwenye sahani ya Erasmus, akaitia mdomoni na kuimeza karibu bila kutafuna.

Sebuleni kwa Mzee Makarius, baba wa mchumba wa Erasmus, vichwa vyote viligeuka. Firigisi ni ya mkwe. Hata mtoto wa hapa kijijini Mpitimbi asiyejua kuhesabu analijua hilo.

"Babu zako walitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini," Dastan alimwambia Erasmus huku akijilamba vidole. "Leo wewe unataka kula umekaa?"

Hapo wote wakacheka, maana walishaelewa: mgeni huyu ni Mhehe, na Mhehe kwa Mngoni ni mtani. Mtani akikunyang'anya tonge unamtukana kidogo, basi, yamekwisha. Kununa ni mwiko. Mzee Makarius aliagiza mbwa wake akafungwe mbali, maana utani husema Wahehe hula mbwa, kisha kwa mkono wake mwenyewe akavuta kigoda na kumketisha Dastan katikati, baina yake na mkwe mtarajiwa, eti apate kumchunga vizuri.

Erasmus alishusha pumzi. Mpango ulikuwa unakwenda.

Yeye alikuwa fundi cherehani pale Mfaranyaki, na mwaka uliopita vidole vyake vilivimba mpaka akashindwa kushika mkasi. Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka. Badala ya kupigana na vijidudu inavipiga viungo vyake. Akapewa vidonge, na pamoja na vidonge akapewa masharti: chumvi kidogo kabisa, mafuta apunguze, nguruwe amsahau, na pombe asiiguse, kwa sababu pombe na dawa zile haziivi chungu kimoja. Miezi miwili ya kwanza alikula maharage yasiyo na chumvi huku akitamani kulia. Halafu akajifunza kukamulia ndimu na kuponda tangawizi, uvimbe ukapungua, akarudi kwenye cherehani. Siku moja tu alijisahau, kwenye kipaimara cha mpwa wake. Wiki nzima baada ya hapo dada yake ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati.

Recho, mchumba wake, aliyajua yote hayo na alimpenda hivyo hivyo. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama Recho alikuwa mpishi ambaye hata mapadri walimsifu, na kwake yeye, mtu aliyebakiza chakula amemtukana mpishi na ukoo wake wote. Mchumba wa kwanza, kijana mmoja aitwaye Clinton, alibakiza mapaja mawili ya kuku. Hakuonekana tena pale. Na kumweleza mama habari za ugonjwa, Recho alikataa katakata. Mama angesema binti yake haolewi na mtu wa vidonge.

Ndipo Erasmus alipomkumbuka Dastan, ambaye aliuza viatu vya mtumba jirani na kibanda chake, na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema ameshiba.

Basi kuku akaisha. Ikaja komoni, pombe ya kienyeji, na kila kikombe cha Erasmus kilipojaa, Dastan alikidaka. Mzee Makarius alifoka kwa sauti ya kusikika jikoni kwamba Mhehe huyu atawamaliza, kwamba tangu azaliwe hajaona njaa ya namna hii. Mama Recho alichungulia mlangoni, akaona sahani tupu kila upande, akarudi jikoni akitabasamu na kuongeza kuni.

Kisha akaja nguruwe wa kukaanga, anang'aa kwa mafuta, chumvi unaiona kwa macho.

Dastan alianza kwa ari. Alikula, akalegeza mkanda, akala tena. Lakini kila alipoinua kichwa kushushia komoni, akirudisha macho chini alikuta sahani yake imejaa upya. Akamwinamia Erasmus na kulalamika kwamba walikubaliana mzigo wa mtu mmoja, mbona huu hauna mwisho? Erasmus aliapa kwamba yeye ametoa fungu lake tu. Dastan hakumwamini. Alisimama akishika ukuta, akaomba radhi, akaenda kujilaza kwenye mkeka nyuma ya nyumba.

Mzee Makarius alimtazama akitoka, na uso ukamsawajika.

Hapo hapo Mama Recho akaingia na sufuria. Alimpakulia Erasmus minofu mpaka sahani ikafurika, akampakulia na mumewe.

"Mwizi ametoka," alisema. "Sasa kula, mwanangu. Nachukua ugali wa moto, nakuja kukaa hapa nikuone unavyokula."

Erasmus aliitazama ile nyama. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Kuna suti tatu za harusi zilizokuwa zikimsubiri mezani Mfaranyaki, na vidole vya kuzishonea vilikuwa hivi alivyonavyo. Lakini Recho alikuwa mmoja tu. Akaukunjua mkono, akachukua mnofu, akaupeleka mdomoni.

Mkono wa Mzee Makarius ukamdaka kifundo cha mkono.

"Acha," mzee alinong'ona, jicho likiwa kwenye mlango wa jikoni. "Jumanne pale kliniki wewe hukaa benchi la mbele. Mimi hukaa la nyuma, kofia nimeishusha. Mke wangu hajui kwamba na mimi nina masharti kama yako."

Erasmus aliurudisha mnofu kwenye sahani.

"Tangu tukae hapa nimemtupia yule minofu tisa," mzee aliendelea, akimsukumia na sahani yake mwenyewe. "Nenda kamwamshe upesi. Na ng'ombe wa mahari sidai tena, mwanangu. Niachie Mhehe."