Hodi ya Tatu

Wakomunisti walipoushika mji, watu wote waliitwa uwanjani kuwapigia makofi. Bi Zamzam alipiga mpaka viganja vikamwasha. Aliporudi alikuta nyumba yake imejaa askari, na mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: MALI YA UMMA.

“Na mimi si umma?” akamwuliza askari aliyesimama nje.

“Ni umma, mama. Piga hodi, kamanda atakupangia chumba.”

Miaka arobaini hodi za mlango ule aliziitikia yeye. Akavua viatu kizingitini.

“Hodi.”

Ndani, vijiko vyake viligonga sahani zake.

“Hodi.”

Hakuna aliyeitika. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka. Bi Zamzam akasimama na ufunguo mkononi, ya tatu ameibana mdomoni.