Redio Iliyorudi na Kuku

Redio ya Waitara ilirudi Jumanne asubuhi, imefungwa nyuma ya baiskeli ya jirani yake Ezekiel, na juu ya redio kafungwa kuku.

"Shikamoo, kaka," Waitara alimwamkia.

"Marahaba, mura, mdogo wangu. Umeamkaje? Kweli umeamka vizuri?"

"Vizuri tu. Mbona redio? Nilikupa, si yangu tena."

"Najua. Na huyu kuku ni wa kuisindikiza." Ezekiel aliviweka vyote mlangoni, akakwepa kupeana mkono, akaondoka mbio.

Waitara aliviingiza ndani. Wiki nzima anahangaika asiwe na kitu, sasa ana redio na kuku.

Mambo yalianzia kwenye kambi ya watalii ambako Waitara ni dobi. Mgeni mmoja wa Kihindi, Mama Hansa, muumini wa dini ya Kijaini, alikaa siku sita akileta kufuliwa nguo mbili tu, zilezile, kwa zamu. Waitara, aliyezoea wageni wa masanduku manne, alidhani mizigo imepotelea uwanja wa ndege, akampa pole. Mama Hansa alicheka. Akamweleza kwamba kwao kuna fundisho linaloitwa aparigraha: mtu asing'ang'anie vitu, abaki na kinachomtosha, moyo upate nafasi. Akasema atapita tena mwisho wa mwezi.

Mwingine angesikia na kuendelea kupiga pasi. Waitara hayuko hivyo. Ndiye huyu aliyewahi kuambiwa faida za vitunguu swaumu, akavila mpaka mkewe akahamia chumba cha watoto. Basi akarudi nyumbani Machochwe, akaanza kugawa.

Siku ya kwanza alimpa fundi baiskeli koti lake la mvua, na mkewe Bhoke akalia mpaka jioni. Siku ya pili Bhoke alihesabu vilivyobaki. Siku ya tatu akasema, "Baba Elieth, kama ndiyo imani yako, twende wote." Tangu hapo walibeba pamoja: redio kwa Ezekiel, makochi kwa mjane Teresia, toroli kwa Waisiko. Wakishakabidhi, Waitara hutangulia, na Bhoke hubaki nyuma kidogo kuagana na wenyeji, kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Waitara alijivunia mke huyo.

Lakini vitu vilirudi. Baada ya redio, makochi yalirudi na mbuzi. Teresia alimtazama Waitara tangu kichwani hadi miguuni, akafuta machozi, akasema, "Mungu ni mwema, shemeji." Toroli lilirudi na gunia la mtama, likaachwa nje ya uzio bila hodi. Mchungaji naye alipita, akamwekea mikono kichwani na kuomba muda mrefu bila kutaja sababu. Koti la mvua peke yake ndilo halikuonekana tena.

Waitara aliona fundisho limewaingia majirani kuliko yeye. Yeye anatoa kimoja, wao wanatoa viwili. Ilimuuma kweli, maana Mama Hansa anakuja Ijumaa, na atamkuta dobi wake amekuwa tajiri wa kijiji.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho hajawahi kukitoa: Bernadetha, ng'ombe wake wa maziwa, ambaye Waitara humsalimia kila asubuhi kabla ya kusalimia watu. Huyo alimpenda kupita kiasi, na alijua hivyo. Akiweza kumwachia Bernadetha, na Bernadetha asirudi, basi atamwambia Mama Hansa bila kudanganya kwamba amejifunza.

Alitegemea Bhoke atakataa katakata. Bhoke alileta kamba.

"Tumpeleke kwa Otiende," alisema.

"Otiende ana ng'ombe kumi na wanne. Wa nini tena?"

"Ndiyo maana nasema Otiende. Kwake hatakosa wenzake."

Walimpeleka. Otiende alipokea kamba kwa mikono miwili na kusema erokamano, yaani asante kwa Kijaluo, mara nne, huku mkewe Gladys akimshika Bernadetha mgongo. Waitara alitangulia kama kawaida, machozi yanamtoka, lakini kifuani anajisikia mwepesi kuliko siku zote. Alifika mpaka mtoni ndipo akakumbuka hajawaambia kwamba Bernadetha hatoi maziwa asipoimbiwa.

Akageuka. Alipokaribia uzio wa Otiende alisikia sauti ya mkewe ikiwa chini, ya majonzi.

"Pokeeni tu, Gladys, msiogope," Bhoke alikuwa anasema. "Ameota kaburi lake mara tatu, ndiyo maana anagawa vyote kabla hajaondoka. Sisi kwetu kitu cha mtu kama huyo hatukilazi zizini, tunakirudisha na cha kukisindikiza. Teresia hana ng'ombe, ikabidi aongeze mbuzi. Nyinyi mtaona wenyewe."