Kiti Kirefu cha Bi Mwanakombo

Siku hizi mtandao wa kila nyumba hutoka mwilini mwa mkubwa wa nyumba, kwa bangili anayovishwa na asiyoivua hadi kufa. Wa Bi Mwanakombo ulikuwa na kasi iliyosifiwa mtaa mzima. Wajukuu waliozoea kumsalimia huku wakipita, sasa walimgombania.

"Mama, chumba cha nyuma hakishiki," alisema mkwewe, Zaituni. "Inabidi ukae katikati, tena juu."

Wakamtengenezea kiti kirefu pale sebuleni, na mto wa sufi. Akapanda, akatulia kama bibi harusi, na mtandao ukafika mpaka bandani kwa kuku.

"Mnaona? Mimi ndiye mnara wenu!" akacheka.

Ijumaa akashuka, akaenda jikoni kukuna nazi. Nyumba nzima ikapiga yowe.

"Mama, rudi! Masufuria yanazuia!"

"Basi nileteeni hapa mbuzi yangu ya kukunia."

"Ina chuma, mama. Tumeshaigawa kwa jirani."

Bi Mwanakombo akapanda tena, akanyoosha mgongo ili wote wapate. Wakamshangilia, naye akatabasamu. Mapajani, mikono yake ilizunguka polepole, kana kwamba imeshika kifuu.