Mwanafunzi wa Mwalimu Seok

Mtu aliyemtangulia Tak Hyeon-mo alitoka chumba cha kamati bila mkanda wake mweusi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na alilia waziwazi, kamasi na machozi, wala hakujali nani anamwona.

"Umewaambia nini?" Tak alimuuliza.

"Ukweli." Yule mtu akaokota viatu vyake, akaondoka navyo mkononi.

Pil-ho, mwanafunzi mkubwa wa Tak, alikuwa ameshadodosa habari yote. "Amekiri kwamba aliyemfundisha ni sajini wa Kijapani, enzi za ukoloni," alinong'ona. Katika Seoul ya wakati ule, mwaka wa tisa tangu mizinga ya vita vya Korea inyamaze, kusema hivyo mbele ya kamati ilikuwa kujipalia makaa.

"Sisi tuna Mwalimu Seok," Pil-ho aliendelea. "Mkorea halisi, baba na mama. Sasa mbona mikono inakutetemeka? Si wewe unayetuchapa tukitetemeka?"

"Baridi."

"Baridi gani, Mwalimu? Jiko linakaribia kukuunguza soksi!"

Tak hakucheka. Kamati ilikuwa mpya. Shule zote za ngumi na mateke zilikuwa zinaunganishwa kuwa mchezo mmoja, taekwondo au jina jingine, maana hata jina bado liligombaniwa, na kila mwalimu alipaswa kupimwa upya na kuandikiwa daraja upya. Aliyeshindwa alirudishwa mkanda mweupe, na wote aliowapandisha yeye walishuka naye. Tak alikuwa na wanafunzi mia moja na arobaini. Pil-ho, mwenye dan ya pili, yaani daraja ya pili ya mkanda mweusi, alikuwa akifundisha askari kambini. Tak angeshindwa, kesho yake tu wangemfukuza. Mke wa Tak na mama yake walibaki Kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Hao mia na arobaini ndio ndugu pekee aliobaki nao duniani.

Na fomu ilidai shahidi. Angempata wapi mtu aliyemjua Mwalimu Seok? Tangu majani yaanze kupukutika alikuwa analala macho wazi, anakula bila kuonja. Alikuwa amekata tamaa kabisa.

Waliita jina lake.

Wakaguzi walikuwa wawili. Bang, mwembamba, alishika kalamu. Kando yake aliketi mwenyekiti, Gwak Tae-ung, aliyefungua siku ile kwa hotuba kwamba mchezo huu una miaka elfu mbili, urithi wa mashujaa wa wafalme wa kale. Hakuna aliyethubutu kumuuliza alijuaje.

Tak alionyesha mapigo yote waliyotaka. Akavunja vigae vya paa kwa kisigino. Miguu ilimtii hadi mwisho.

"Miguu mizuri," Gwak alisema. "Umeipata wapi?"

"Kwa Mwalimu Seok Il-mun, wa Gaeseong, huko Kaskazini."

"Picha yake?"

"Iliungua vitani."

"Cheti?"

"Kiliungua pia."

"Shahidi?"

Tak alianza kuokota vipande vya vigae.

"Bwana Tak, kila anayeingia humu mwalimu wake amekufa, cheti kimeungua, mashahidi wako Kaskazini. Ni moto gani huo usiobakiza hata kikaratasi?"

Bang aliangua kicheko. Tak akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nipeni mkanda mweupe. Nitafagia ukumbi, nitabeba maji. Lakini vijana wangu waachieni daraja zao. Wao hawajamdanganya mtu. Nawaomba, nawaomba sana."

Gwak aliinamia meza. Halafu akauliza, taratibu, "Huyo Seok alikuwa anachechemea mguu gani?"

Tak aliinua uso. "Wa kushoto."

"Wa kulia."

Bang akashusha kalamu kwenye karatasi, tayari kukata jina. Tak alifumba macho. Aliwaona mia na arobaini wamejipanga, wanafungua mikanda mmoja baada ya mwingine.

"Ndiyo," alisema. "Wa kulia. Nimechanganyikiwa."

Gwak alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Alianguka kutoka juu ya farasi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi kwake. Nilimtumikia miaka saba kabla hujafika wewe. Siku hizi wengi wananiuliza nilifundishwa na nani. Sasa wajue: Seok Il-mun wa Gaeseong." Alimgeukia mwenzake. "Andika, Bang."

Bang alisita. Aliangalia mlango alikotokea yule mtu wa kwanza akilia.

"Mzee Seok," alisema mwishowe. "Kumbe ndiye huyo! Hata mimi nilikaa kwake, misimu miwili ya kiangazi. Alikuwa mkali, yule mzee!"

"Mkali kweli," alisema Gwak.

"Na fimbo yake ile."

"Usinikumbushe."

Wakamwandikia Tak dan ya nne. Gwak, kwa kuwa alitangulia, akawa kaka mkubwa wa shule ya Seok, Bang akawa wa pili, Tak kitinda mimba. Tak aliwasujudia kaka zake kwa zamu, kama desturi inavyotaka, nao wakampokea kwa mikono miwili.

Nje, Pil-ho alimrukia. "Imekuwaje? Wanamjua Mwalimu Seok?"

"Wanamjua," alisema Tak. "Wanamjua sana."

Aliketi avae viatu. Seok Il-mun lilikuwa jina tu kwenye kibao cha duka la dawa za ng'ombe. Alilisoma kupitia dirisha la treni ya wakimbizi, siku mtu alipomuuliza kwa mara ya kwanza nani alimfundisha kupigana.