Uzi wa Buibui

Zamani, ndege walipokuwa bado wanajenga kwa kusaidiana, Buibui alisokota uzi unaonata na kuutundika tawini, kila mjenzi ajikatie kipande. Desturi ilikuwa kwamba kiota kikiisha, mwenyewe hufanya karamu na kuimba majina ya waliomsaidia. Kila karamu Buibui alitega sikio. Alisikia Mnana akisifiwa kwa majani, Shorewanda kwa vijiti. Jina lake halikutajwa hata siku moja.

“Labda hawauoni,” aliwaza. Akausokota upya, mwembamba zaidi, ukameta kama umande, lakini haukunata tena. Hakumwambia yeyote.

Ndege wakaukata kama kawaida, wakajenga. Upepo wa kwanza ulipovuma, viota vyote vilifumuka na mayai yakapasukia chini.

“Buibui! Buibui! Umetufanya nini, mwenzetu?” Mnana alilia, na bonde zima likalirudia jina hilo.

Buibui alikuwa amelingoja miaka yote. Akajikunyata, akaanza kuusokota ule uzi wa zamani.

Siku hizi karamuni hatajwi, na hivyo ndivyo anavyojua kuwa viota vimeshika. Lakini bado hutega sikio.