Mashine Iliyolala Upande

Waringa aliukunja waya, akaubana pale keekee inapokaa, akaanza kuizungusha mashine ya kutobolea chuma kwa mkono, pole pole. Upande wa mlangoni waya ulikwaruza meza ya mashine. Upande wa ukutani ulipita juu, na kidole chake kidogo kikapenya chini yake.

Alirudia. Kidole kikapenya tena.

"Imelala," alimwambia mumewe. "Kila tundu tulilotoboa na hii mashine limeenda upande."

Mumewe alikuwa ameshachukua spana. "Najua. Sogea niinyooshe."

"Umejua tangu lini?"

Mumewe aliinama, akaipachika spana kwenye nati inayoshika meza. Nje, Makindu yote ilikuwa inaungua kwa jua.

Mashine hii ndiyo iliyotoboa chuma cha kuvutia trela la Aftin, dereva wa lori. Bolti zilikatika karibu na Kiboko, trela likawaangukia watu waliokuwa wakingoja basi. Mumewe alisimama kortini akaapa kwamba kazi yake ilikuwa safi, dereva ndiye aliyekimbiza gari. Aftin alifungwa, na bado yuko ndani.

"Mama Nduta, sogea. Nikishainyoosha, nani atajua?"

Waringa aliutazama mkono uliomlisha miaka yote, grisi nyeusi imejaa kwenye kucha. Kisha akampokonya ile spana, ambayo ndiyo pekee iliyotosha nati hiyo, akatoka.

Mumewe alimwita kwa upole, halafu kwa ukali. Waringa alikuwa ameshavuka reli, akielekea kituo cha polisi.