Maneno ya Mwisho ya Kibwana

Mwanaidi alikuwa na vyeti vyote, na alihudumu kwenye ambulensi miaka mingi, lakini bado hakuruhusiwa kufundisha wahudumu wapya. Sheria inataka mwalimu atoe kumbukumbu ya mgonjwa aliyemfia mikononi. Mashine huihamishia vichwani mwa wanafunzi, na mwenyewe habaki nayo. Mwanaidi alitoa ya mumewe, Kibwana. Alidhani anatua mzigo.

Jioni moja binti yake, Salha, alikuwa akimenya viazi.

"Mama, baba alisema nini kabla hajakata roho?"

Mwanaidi alipekua kichwa chake, hakukuta kitu. "Sijui, mwanangu."

"Si ulikuwa naye?"

"Wanasema nilikuwa naye."

Kesho yake, darasa lilipotawanyika, alimzuia mwanafunzi wake, Veronika, akamuuliza swali lilelile.

"Alisema Salha asiende shule bila kunywa uji," Veronika alijibu. "Halafu mkono wake ukalegea, mwalimu. Naushika kila nikifumba macho." Akaangua kilio.

Mwanaidi alisubiri machozi yake mwenyewe. Hayakuja. Basi akamkumbatia yule dada, akampa pole ya msiba.